Pedali Ikigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapiga Gitaa wa Kigoma

Majibu haya ni ya wapiga gitaa wa kwaya, wa bendi na wa nyumbani, kuanzia Ujiji na Mwanga hadi huko Tabora upande wa pili wa reli. Pedali ni kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa. Nyingi zinazoletwa mezani zikisemwa zimekufa hazijafa. Ugonjwa huwa kwenye adapta, kwenye waya, au kwenye namna vitu vilivyounganishwa. Ndiyo maana hapa bisibisi inachelewa kutajwa.

Fundi, pedali haiwaki kabisa. Nianzie wapi?

Iweke kando kwanza. Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya kwa waya mmoja, usikilize. Halafu badilisha, jaribu waya wa pili peke yake. Ukishajua nyaya zote mbili ni nzima, ndipo uirudishe pedali, moja tu, bila ndugu zake, ukiiwasha kwa betri mpya ya volti 9. Ikiwaka kwa betri na kugoma kwa adapta, pedali haina kosa, na unaweza kuruka hadi maswali ya adapta.

Kuna jambo moja linalowahangaisha wengi. Kwenye pedali nyingi betri haiunganiki mpaka uchomeke jeki kwenye tundu lililoandikwa INPUT. Tundu hilo lina mguu wa ziada uliofungwa kwenye hasi ya betri, na jeki ya kawaida ya gitaa ikiingia, shina lake ndilo linalokamilisha njia ya umeme. Kwa hiyo ukichomeka OUTPUT peke yake, taa haitawaka hata betri iwe imetoka dukani sasa hivi. Ukitumia jeki ya stereo, ile yenye pete mbili nyeusi kama ya hedifoni, pia haitawaka.

Betri mpya inaisha usiku mmoja. Pedali inakula umeme?

Uliacha waya umechomekwa. Soma jibu lililotangulia: jeki ikiwa ndani ya INPUT, pedali imewashwa, hata kama taa imezimwa kwa kukanyaga. Chomoa jeki kila ukimaliza mazoezi.

Kama unachomoa na bado inaisha haraka, angalia ni pedali ya aina gani. Ovadraivu ya kawaida, pedali ya kukwaruza sauti kidogo, inakula miliampia 5 hadi 10 hivi, na betri nzuri ya alkalini ya volti 9 ina akiba ya kama miliampia-saa 500, kwa hiyo itakwenda saa 50 au zaidi. Dilei ya kidijitali, pedali ya kurudia sauti kama mwangwi, inaweza kula miliampia 60 na kuendelea, ikaimaliza betri ileile ndani ya ibada moja ndefu na mkesha wake. Hiyo mnunulie adapta. Na betri za bei ya chini sana zipime kabla ya kulipa. Betri mpya inapaswa kuonyesha volti 9 au zaidi kidogo, na ikionyesha 8 ikiwa bado kwenye nailoni yake, mrudishie mwenye duka.

Adapta ya king'amuzi au ya ruta inaingia vizuri kwenye tundu. Niitumie?

Kuingia si hoja. Vitu vinne ndivyo vinavyoamua, na vyote vimeandikwa kwenye mgongo wa adapta.

Volti lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye pedali, ambazo mara nyingi ni 9. Aina ya umeme ilingane pia. Pedali nyingi zinataka DC (umeme wa njia moja kama wa betri), lakini zipo chache zinazotaka AC (umeme wa kubadilika kama wa soketi) ya volti 9, kama Line 6 DL4 ya kwanza na DigiTech Whammy toleo la nne, na hizo ukizipa DC zinaweza kukutazama tu. Miliampia za adapta ziwe sawa na mahitaji ya pedali au zaidi. Zikizidi hazina madhara, maana pedali huchukua kiasi inachohitaji na kuacha kingine. Ampia 2 kwenye adapta hazichomi pedali ya miliampia 10, ingawa kila Jumapili kuna mtu anayeapa kwamba zimemchomea.

Cha nne ndicho kinachoua: upande wa hasi na chanya. Desturi ya pedali, iliyoenezwa hasa na kampuni ya Boss, ni pini ya katikati kuwa hasi na ganda la nje kuwa chanya. Adapta nyingi za ruta, ving'amuzi na spika ndogo ni kinyume chake. Tafuta mchoro mdogo wenye duara na alama za kujumlisha na kutoa, uulinganishe na ule ulio karibu na tundu la pedali.

Usipoona mchoro, chukua multimita, weka kwenye volti 20 za DC, ncha nyekundu ndani ya tundu la plagi ya adapta, nyeusi kwenye ganda la nje. Adapta inayofaa pedali nyingi itaonyesha namba yenye alama ya kutoa, kama -9. Hapo mtu hushtuka akidhani kuna hitilafu, kumbe alama hiyo ndiyo unayoitafuta. Ikionyesha 9 bila alama, hiyo ni ya ruta, irudishe kwa ruta yake.

Nimeshachomeka kinyume. Imekufa?

Huenda imejitoa mhanga sehemu moja tu. Ndani ya pedali nyingi kuna dayodi ndogo iliyolazwa kati ya chanya na hasi kwa ajili ya kosa hilihili. Umeme ukija kinyume, dayodi inaumeza, na ikizidiwa inaungua na kubaki imeunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Baada ya hapo hata ukileta adapta sahihi haiwaki, na adapta yenyewe inapata moto au inajizima.

Fundi yeyote wa redio anayejua kushika kifaa cha kuchomea risasi anaweza kuing'oa dayodi hiyo na kuweka mpya. 1N4001 inapatikana kwa mafundi wengi, na hata kwenye bodi za redio mbovu. Mwambie aanze hapo, asianze kubadilisha chipu. Kama pedali haikuwa na dayodi hiyo, au ni ya kidijitali, kazi ni ngumu zaidi na matumaini ni madogo.

Nimenunua pedali ya mtumba kutoka Japani, na adapta yake. Mbona adapta imetoa moshi?

Kwa sababu ya Japani ni ya volti 100, na soketi yetu ni volti 230. Adapta za kizamani zenye transfoma nzito hazisamehi. Angalia maandishi: adapta ya Boss inayoitwa PSA-100 ni ya Japani, PSA-120 ni ya Marekani, PSA-230 na PSA-240 ndizo zinazovumilia umeme wa kwetu. Adapta nyepesi za kisasa zilizoandikwa 100–240V hazina shida popote. Pedali yenyewe haina habari na nchi, inajua volti 9 tu.

Kijijini hakuna umeme wa gridi, tuna sola na betri ya volti 12. Naweza kuunga pedali moja kwa moja?

Usiunge. Betri ya sola inayoitwa ya volti 12 hupanda hadi kama 14.4 jua likiwa kali na chaja ikifanya kazi. Pedali nyingine zitavumilia, ila baadhi zina chipu ya kupandisha volti, kama MAX1044, ambayo mwisho wake ni kama volti 10. Hiyo inakufa papo hapo.

Dawa ni regyuleta 7809, kidude chenye miguu mitatu ambacho mafundi wa redio wanakijua. Ukikitazama upande wenye maandishi, mguu wa kushoto ni wa umeme unaoingia, wa kati ni hasi, wa kulia unatoa volti 9. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.33 mwanzoni na ya 0.1 mwishoni, kifunge kwenye kipande cha bati kipoe, na utangulize fyuzi ya ampia 1 kwenye waya wa chanya unaotoka kwenye betri. Mguu wa kulia upeleke kwenye ganda la nje la plagi, hasi kwenye pini ya katikati. Kinahitaji volti kama 11 za kuingia ili kitoe 9 kamili, kwa hiyo betri ikichoka na pedali huchoka pamoja nayo.

Kwa kusikiliza tu, huu ndio umeme mtulivu kuliko wote. Ule mvumo wa mjini haumo kabisa.

Umeme ukikatika, spika yetu ya kuchaji inaendelea kuongea lakini gitaa linanyamaza. Kwa nini, na pedali nilikuwa nimeizima?

Kuzima kwa kukanyaga si kuiondoa njiani. Pedali zipo za tabia mbili. Moja, ikizimwa, swichi inaunganisha INPUT na OUTPUT kwa waya mtupu, na sauti inapita hata pasipo umeme. Nyingine, zikiwemo karibu zote za Boss, inapitisha sauti kwenye bafa, saketi ndogo inayohitaji umeme saa zote. Umeme ukienda, bafa inafunga mlango. Weka betri ndani ya pedali hiyo kama akiba, na umeme ukikatika uchomoe plagi ya adapta kwenye pedali ili betri ishike kazi, au jifunze kuchomoa waya haraka gizani.

Taa inawaka lakini hakuna sauti.

Kabla hujaomboleza: je, ni tyuna, pedali ya kulinganisha nyuzi? Pedali za tyuna nyingi hukata sauti makusudi zikiwashwa. Je, kuna pedali ya volyumu iliyokanyagwa upande wa kisigino? Je, kizuia kelele kimepandishwa mpaka kinakata na gitaa lenyewe? Je, umebadilishana INPUT na OUTPUT? Kwenye pedali nyingi INPUT iko mkono wa kulia, na anayesoma kutoka kushoto hukosea bila kujua. Je, kinobu cha LEVEL kiko sifuri?

Yote hayo yakiwa sawa, gusa jeki ukiisukuma taratibu pembeni huku mtu akipiga. Sauti ikija na kupotea, nati ya tundu imelegea na kipande cha ndani kimezunguka hadi kukata waya. Hiyo ndiyo hitilafu ya kweli niionayo zaidi kuliko nyingine. Kaza nati ukiwa umefungua kifuniko cha nyuma, ushike tundu kwa ndani lisizunguke.

Kuna mvumo usioisha. Pedali imeharibika?

Inategemea mvumo gani, na hapa inabidi uwe na subira.

Shika nyuzi za gitaa kwa mkono. Mvumo ukipungua, pedali haihusiki. Mwili wako unaokota umeme wa nyumba, na ukigusa nyuzi unaungana na ardhi ya gitaa. Geuka pia huku na kule ukiwa umesimama. Ukipungua upande mmoja na kuongezeka mwingine, ni pikapu za koili moja zinazonasa transfoma, taa au feni iliyo karibu. Distoshoni, pedali ya kukwaruza sauti kwa nguvu, haikuzalisha mvumo huo, imeukuza tu, kama inavyokuza kila kitu unachoipa.

Sasa weka betri ndani ya pedali na uchomoe adapta. Mvumo ukifa, mkosaji ni adapta. Umeme wetu ni wa hezi 50, na adapta isiyochuja vizuri inaacha mnguruma wa hezi 100. Adapta nyepesi za bei rahisi zina tatizo jingine, mlio mwembamba kama filimbi ya mbali. Mlio huo unakuwa mbaya zaidi ukiunga pedali za kidijitali na za kawaida kwenye adapta moja kwa waya wenye matawi, maana kelele za saa ya ndani ya dilei zinapita kwenye njia ileile ya umeme hadi kwenye distoshoni. Ipe dilei adapta yake peke yake. Mwenye uwezo anunue kisanduku cha umeme ambacho kila tundu limetengwa na mengine.

Hali ya tatu ni pale pedali zikiwa kimya kwenye amplifaya moja, lakini ukipeleka waya mwingine kwenye mikisa ya kanisani mvumo unaanza. Vifaa viwili vimeunganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti na mduara umejifunga. Chomeka amplifaya na mikisa kwenye ekstensheni moja kwanza. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, tumia kisanduku cha DI, kile cha kupeleka sauti ya gitaa kwenye mikisa, chenye transfoma na swichi ya kutenganisha ardhi. Ila pini ya ardhi ya plagi ya amplifaya usiikate, na sababu iko kwenye swali linalofuata.

Kwa miaka mingi Kigoma ilikula umeme wa majenereta ya dizeli, na wapigaji wa zamani walizoea kulaumu jenereta kwa kila kelele. Jenereta dogo la sherehe bado linaweza kuyumbisha volti hadi maltiefekti, pedali moja yenye sauti nyingi ndani yake, ikajizima na kujiwasha. Lakini mvumo wa kudumu, tafuta adapta.

Nikisogeza mdomo kwenye maiki huku nimeshika gitaa, napigwa shoti. Ni pedali?

Acha kupiga sasa hivi. Pedali ya volti 9 haiwezi kukupiga shoti. Umeme huo unatoka kwenye amplifaya au mikisa isiyo na ardhi, kwa sababu pini imekatwa au soketi ya ukumbi haina waya wa ardhi nyuma yake. Gitaa na maiki vimekuwa na volti tofauti, na wewe ndiye waya unaoviunganisha. Watu wamekufa jukwaani kwa namna hii. Mwite fundi umeme, siyo fundi wa pedali, na msipige mkiwa peku kwenye sakafu yenye maji.

Distoshoni yangu kanisani inalia kama mzinga wa nyuki, nyumbani inalia vizuri.

Tabora wanaijua sauti hiyo, wao wana asali. Nyumbani unatumia amplifaya ya gitaa. Spika yake haipandi sana, ikipita hezi 5,000 hivi inaanza kufifia, na hapo ndipo ukali wa distoshoni unapokatwa. Kanisani umechomeka kwenye mikisa na spika zenye twita, ambazo zinatoa kila kitu hadi juu kabisa. Distoshoni uliyozoea haijawahi kusikika yote, na sasa unaisikia yote.

Kama una maltiefekti, washa kipengele cha kuigiza amplifaya na kabineti unapoingia kwenye mikisa, na ukizime unapoingia kwenye amplifaya ya gitaa. Wengi hufanya kinyume na kulalamika mara mbili. Kama una pedali moja tu, shusha kinobu cha TONE, punguza GAIN hadi nusu ya ulivyozoea, na umwombe anayekaa kwenye mikisa ashushe treblo. Kwa sebene safi tatizo hili halionekani sana, ndiyo maana mpiga solo wa zamani atakwambia pedali yako ni mbovu na yake ni nzima.

Nasikia redio ndani ya pedali!

Utaisikia zaidi kwenye wawa (pedali ya kukanyaga mbele na nyuma) na fazi (pedali ya mkwaruzo mzito), hasa ukiwa karibu na mnara. Waya mrefu unafanya kazi ya antena, na transista ya kwanza inafanya kazi ya redio. Tumia nyaya fupi zenye ngao nzuri, na ukague kama ngao haijakatika ndani ya jeki. Ukiwa unasikia mlio wa kukatakata na siyo mtangazaji, ondoa simu juu ya amplifaya.

Fazi yangu ya zamani inapiga vizuri usiku, mchana inakauka.

Ni transista za jermaniamu. Joto linabadilisha mkondo wake, na mchana wa Tabora mwezi wa kumi si mchezo. Pedali ni nzima. Iweke kivulini kabla ya kupiga. Na ujihadhari: fazi nyingi za aina hiyo zina chanya kwenye ardhi, yaani kwenye sanduku lake la chuma, kinyume na pedali nyingine nyingi, kwa hiyo ukiziunga pamoja kwenye adapta moja unaipiga shoti adapta. Ipe betri yake.

Fazi hizo pia hazipendi kukaa nyuma ya bafa. Ikikwaruza vibaya au kulia mluzi baada ya wawa au tyuna, isogeze iwe ya kwanza kutoka kwenye gitaa.

Vinobu vinakwaruza nikivizungusha.

Vumbi la kiangazi na unyevu wa ziwa. Chomoa umeme, fungua, nyunyiza dawa ya kusafishia viunganishi kwenye mwanya wa kinobu, kizungushe mwisho hadi mwisho mara nyingi, acha ikauke. Usitumie mafuta ya kulainishia bawaba wala ya cherehani. Yanakamata vumbi jipya, na baada ya muda kinakwaruza zaidi. Ukifungua tazama pia kama sisimizi hawajahamia, wanapenda sana masanduku yenye joto.

Nikikanyaga inatoa mshindo "pwaa".

Mara ya kwanza baada ya kuwasha umeme, puuza, kapasita zinajaa. Ikiendelea kila mara na kwa nguvu, pedali inahitaji rizista ya kuteremshia chaji kwenye INPUT au OUTPUT, ya megaohmu 1 hivi, kazi ya dakika chache kwa fundi. Swichi ikianza kugoma, ukikanyaga mara mbili ndipo ikubali, badilisha swichi. Haitibiki.

Nimeongeza pedali, sasa gitaa limefifia hata zote zikiwa zimezimwa.

Kila mita ya waya inakula treblo kidogo, na pedali zisizo na bafa hazisaidii. Weka moja yenye bafa mwanzoni au mwishoni. Au punguza nyaya.

Maltiefekti imeganda kwenye skrini.

Kwanza jaribu adapta yenye miliampia za kutosha. Zoom G1X Four, kwa mfano, inataka volti 9 na miliampia 500, na adapta ya 200 inaweza kuiwasha kisha ikaigandisha. Ikishindikana, rudisha mipangilio ya kiwandani kama kitabu chake kinavyoelekeza. Sauti ulizotengeneza zitafutika, kwa hiyo ziandike au zipige picha kwanza.

Nikija kwa fundi nilete nini?

Leta pedali, adapta yake hasa unayoitumia, na waya wako. Anayeleta pedali peke yake mara nyingi anaambiwa ni nzima, anarudi nayo Kibirizi, na jioni anapiga simu kwamba bado haiwaki.